Siku Daudi alipochomwa na kipande cha nguo

(Haya niliongea kwenye kusanyiko letu. Wengi hamkuwepo na mmeniomba, kwa hiyo nimeyaandika yote kama nilivyoyasema, sijapunguza.)

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena! Naona bado wengine wanatafuta viti, kaeni tu ndugu zangu, mimi naanza taratibu.

Nataka niwaulize swali moja, na msijibu kwa sauti, jibu lako baki nalo mwenyewe. Lini mara ya mwisho moyo wako ulikuchoma kwa kitu kidogo? Sisemi kitu kikubwa, kikubwa kinamchoma kila mtu, hata yule ambaye hajawahi kuingia kanisani kinamchoma. Nasema kitu kidogo kabisa, kile ambacho ukimsimulia rafiki yako anakushangaa, anakwambia na wewe nawe, hilo ndo linakukosesha usingizi? Lini? Wiki hii? Mwaka huu? Au hukumbuki?

Kama hukumbuki basi leo nimekuja kwa ajili yako, na niseme ukweli mbele za Mungu, nimekuja kwa ajili yangu pia.

Fungueni 1 Samweli 24. Daudi yuko mafichoni kwenye jangwa la Engedi, ana watu wake kama 600 hivi, na mfalme Sauli anamsaka na watu 3000 waliochaguliwa katika Israeli yote. Kosa la Daudi ni lipi? Hana kosa. Sasa Sauli anaingia kwenye pango kujisaidia, hajui kwamba kule ndani gizani Daudi na watu wake wamejibanza wanamwangalia. Na watu wa Daudi wanamnong'oneza nini? Sikilizeni vizuri hapa. Hawamwambii muue tupumzike na hii shida. Wanamwambia hii ndo ile siku Bwana aliyokuahidi. Mmeliona hilo? Jaribu halikuja na mapembe, lilikuja limevaa ahadi ya Mungu, tena likaletwa na marafiki waliolala naye njaa, watu wanaompenda kabisa. Mimi naogopa sana jaribu la namna hiyo kuliko lile linalokuja wazi wazi.

Daudi akanyata, akakata upindo wa vazi la Sauli. Kipande cha nguo tu. Sauli hata hakusikia. Damu haikumwagika, na mtu yeyote angesema huyu kijana kajizuia sana, mimi ningekuwa yeye ningemaliza kazi. Alafu Biblia inasema, mstari wa 5, moyo wake Daudi ukamchoma kwa sababu amekata upindo wa vazi la Sauli.

Kwa sababu ya nini? Kwa sababu ya upindo! Kitambaa! Lakini Daudi alijua ile sio nguo tu, ile ni nguo ya masihi wa Bwana, yani mtu aliyetiwa mafuta awe mfalme, na mkono uliofika kwenye upindo tayari umeshanyooka kuelekea kwa mwenye nguo. Akawageukia watu wake akawazuia wasimguse Sauli. Huyo ndo Daudi wa pangoni. Hana kitu, analala kwenye mawe, lakini ana moyo unaochomeka. Mshikeni huyo Daudi, tutamrudia.

Sasa twendeni 2 Samweli 11. Miaka imepita, Daudi ni mfalme, ana nyumba, ana jeshi. Ni majira ya wafalme kwenda vitani, na yeye amebaki Yerusalemu. Hiyo nayo ni dhambi? Hapana, hakuna amri inayosema mfalme asipumzike. Jioni akaamka kitandani akatembea juu ya dari, akamwona mwanamke anaoga. Akatuma mtu aulizie. Akajibiwa wazi kabisa, huyu ni Bathsheba binti Eliamu, mke wa Uria Mhiti. Yani mlango ulikuwa bado uko wazi, jibu limekuja na jina la mume ndani yake! Hakurudi nyuma. Akatuma aletwe. Mimba ikaingia. Akamwita Uria kutoka vitani amuulize habari za vita kana kwamba hicho ndo anachotaka kujua, akamwambia nenda nyumbani, Uria akalala mlangoni pamoja na watumishi. Siku ya pili akamlewesha. Bado. Mwisho akamwandikia Yoabu, mkuu wa jeshi, barua ya kumuua Uria kule vitani, na barua akampa nani aibebe? Uria mwenyewe. Na huyu Uria sio mtu baki, nenda kasome 2 Samweli 23, kuna orodha ya mashujaa wa Daudi, jumla 37, jina la mwisho kwenye orodha ni Uria Mhiti. Inawezekana kabisa amempigania Daudi miaka na miaka.

Uria anakufa, mjumbe anakuja na habari. Na hapa ndo nataka mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Daudi anamwambia mjumbe, kamwambie Yoabu, jambo hili lisiwe baya machoni pako, upanga unaua huyu na huyu. Basi. Yamekwisha. Mtu amekufa na Daudi anafariji watu, anawaambia ndo vita ilivyo.

Ndugu zangu, huyu ndo yule yule wa pangoni? Yule aliyechomwa na kitambaa? Kitambaa kilimchoma, leo maiti haimchomi. Imekuaje?

Watu wengi tunahubiri ile dari, ile jioni. Mimi naomba nitofautiane kidogo. Soma 2 Samweli 5:13, baada ya kuhamia Yerusalemu Daudi akaongeza masuria na wake. Na Kumbukumbu la Torati 17 ilishasema mfalme asijizidishie wake. Je, kuna aliyemgombeza? Hatusomi popote. Wafalme wote wa mataifa walikuwa wanafanya hivo, ilikuwa ndo heshima ya ikulu, na kwa nje ufalme unazidi kukua na Mungu anampa ushindi. Kwa hiyo kila mara alipojiongezea mmoja na mbingu zisianguke, kuna kitu ndani yake kilikuwa kinakufa ganzi taratibu. Ile jioni ya dari ilimkuta mtu ambaye sehemu ile inayouma ilishapoteza hisia zamani.

Hilo ndo jambo langu la leo, sina lingine. Tunaposikia habari ya dhambi ndogo tunafikiri hatari yake ni kwamba itakua iwe kubwa. Mimi nasema hatari inaanza kabla haijakua. Hatari yake ni kwamba inaua kile kinachouma.

Nitawapa mfano. Mnajua ugonjwa wa ukoma, na tafadhali sisemi kwamba ugonjwa ni dhambi, mgonjwa wa ukoma ni ndugu yetu na siku hizi unatibika kwa dawa na mtu anapona. Lakini sikilizeni unavyofanya kazi. Watu waliamini zamani kwamba ukoma unakula vidole, nyama inaoza yenyewe. Kulikuwa na daktari Mkristo anaitwa Paul Brand, alifanya kazi Vellore kule India kuanzia miaka ya 1940, akachunguza sana mikono ya wagonjwa wake, akagundua kwamba kinachokula vidole kwa sehemu kubwa ni kwamba mtu haumii. Wale bakteria wanashambulia mishipa ya fahamu, mtu anapoteza hisia, anashika chombo cha moto hajui, anakanyaga kitu chenye ncha anatembea nacho kutwa nzima, kidonda kinaingia uchafu, na hakiachi kutumika kwa sababu hakimwambii apumzike. Anasimulia kwamba siku moja alikuwa anahangaika na kufuli lenye kutu, ufunguo haugeuki, kijana mmoja mgonjwa akamwambia dokta ngoja nikusaidie, akageuza mara moja likafunguka, daktari anaangalia anaona damu, ufunguo umemkata kidole mpaka mfupa unaonekana, na kijana wala hana habari.

Wazee wetu walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Sasa fikiria mtu ambaye hata hajui kama mwiba umeingia, atautoaje?

Paulo anamwandikia Timotheo kuna watu dhamiri zao zimechomwa moto, 1 Timotheo 4:2. Ngozi iliyoungua ikawa kovu, uliguse lisisikie. Na sura ya kwanza anasema wengine waliisukumia mbali dhamiri njema, wakaangamia kwa habari ya imani. Angalia mpangilio huo. Hawakuanza kwa kuikana imani, walianza kwa kuisukuma dhamiri, imani ikafuata yenyewe.

Sasa nataka niwaambie habari yangu, na hii sijawahi kuisema mbele ya watu.

Nilikuwa nafanya kazi mahali fulani, sitapataja. Moja ya kazi zangu ilikuwa kukagua mitungi ya kuzimia moto kwenye jengo. Kila mwezi unapita kila mtungi, unaangalia ule mshale uko kwenye kijani, unaangalia pini ipo, alafu unasaini kwenye kakadi kanakoning'inia pale. Mwezi mmoja nikakuta chumba kimefungwa, mwenye ufunguo hayupo, mtungi uko ndani. Na ripoti inatakiwa siku ile ile. Nikaandika kwamba nimekagua, nikasema moyoni kesho nitapita nimalizie. Usiku ule nililala vibaya, nakumbuka kabisa, nikajigeuza geuza. Kesho yake sikupita. Mwezi uliofuata vikawa vyumba viwili. Wala sikulala vibaya. Baada ya muda nikawa nakusanya zile kadi nazisaini zote nimekaa mezani, alafu natuma mtu akazirudishe. Na katika kipindi hicho chote niko kanisani, naongoza maombi, nafunga. Mtu asikudanganye kwamba maombi yanakosekana kwanza. Unaweza ukaomba vizuri tu na mtungi hujaukagua.

Siku moja moshi ukatoka kwenye soketi chumba kimoja, dada mmoja akachukua mtungi, akatoa pini, akabonyeza, ukatoa unga kidogo ukakohoa ukanyamaza. Akakimbilia mwingine ule ukafanya kazi, moto ukazimika, hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Wakaangalia kadi. Sahihi yangu ipo, ya wiki ile ile. Bosi akasema hawa watu wametuuzia mitungi mibovu, akawapigia simu akawafokea sana. Na mimi nimesimama pale. Nikanyamaza. Watu wasio na kosa wanatukanwa kwa ajili ya mkono wangu na mimi nimenyamaza, na jioni nikaenda nyumbani, nikala, nikalala vizuri. Ndugu zangu ule usingizi ndo unaonitisha mpaka leo kuliko moto wenyewe.

Kilichoniamsha ni kijana aliyekuja kujifunza kazi. Wiki mbili baadaye akaniuliza, kaka, hizi kadi tunasaini kabla ya kukagua au baada? Nikamjibu, aah, yote sawa tu, usijali. Maneno yakatoka hivi hivi. Na nilipoyasikia masikioni mwangu nikamsikia Daudi, jambo hili lisiwe baya machoni pako. Nilikuwa namfundisha mtoto wa watu kutoumia.

Nilienda kwa bosi nikasema yote. Nilitolewa kwenye ile nafasi, na wale waliouza mitungi niliwapigia mwenyewe nikawaomba msamaha, mmoja wao hakunisamehe siku ile na nilimwelewa.

Najua kuna mtu hapa anasema, lakini hiyo ni karatasi tu, kila mtu anafanya. Ndio, hebu niwape habari ya karatasi. Mwaka 250 mtawala wa Roma anaitwa Decius alitoa amri watu wote wa milki watoe sadaka kwa miungu mbele ya maafisa, na ukishatoa unapewa cheti. Baadhi ya vyeti hivyo vimepatikana Misri, zaidi ya 40, vimeandikwa kwenye mafunjo, ile karatasi ya zamani ya matete, mtu anasema nimetoa sadaka kwa miungu siku zote na sasa mbele yenu nimetoa, nimeonja, naomba mthibitishe. Wakristo wengine walikataa wakafungwa, wengine wakafa. Wengine walikimbia, na hilo halikuwa dhambi, hata Sipriani askofu wa Karthago, kule Afrika ya Kaskazini, alijificha. Wengine walitoa sadaka. Lakini kukawa na kundi la nne. Hawakutoa sadaka, hawakugusa ubani, hawakuonja chochote, walipenyeza hela kwa afisa wakapewa cheti kinachosema wametoa. Mnaona akili hiyo? Sijaabudu sanamu, nina karatasi tu! Moyoni niko na Yesu, mfukoni niko na Kaisari. Mateso yalipopoa Sipriani aliandika mwaka 251 kwamba na hao pia watubu, mana mtu aliyekubali iandikwe kwamba amemkana Bwana hawezi kusema hakusema kitu. Na huyo Sipriani aliyekimbia mara ya kwanza, mwaka 258 hakukimbia, alikatwa kichwa.

Miaka kama mia moja kabla yake, Smirna, walipomkamata mzee Polikarpo, askofu wa mji huo, mkuu wa polisi na baba yake walimpandisha kwenye gari lao la farasi wakambembeleza. Hawakumpiga kwanza. Walimwambia, kuna ubaya gani kusema Kaisari ni Bwana, ukatoa ubani kidogo, ukaokoa maisha yako? Kuna ubaya gani! Umelisikia hilo swali mara ngapi? Ofisini, nyumbani, kwenye simu unapomwambia mtu niko njiani na bado umejifunika shuka, unapomtuma mtoto akaseme baba hayupo. Kuna ubaya gani. Polikarpo aliwajibu kwamba hatafanya wanalomshauri. Na uwanjani alisema miaka 86 nimemtumikia na hajanitendea ubaya wowote, nitamkufuruje Mfalme wangu aliyeniokoa? Hakubishana kuhusu ukubwa wa ubani. Aliongea habari ya Mtu.

Ngoja nijibu swali moja mana naliona kwenye nyuso za wengine. Huu si ndo ufarisayo? Kuhesabu vitu vidogo vidogo? Ni swali la haki na sitaki kulipita. Yesu aliwaambia Mafarisayo mnalipa zaka za mnanaa na bizari na jira, mmeacha mambo makuu ya sheria, adili na rehema na imani. Lakini akamalizia, hayo imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache. Kwa hiyo shida yao haikuwa kwamba walijali kidogo. Walitumia kidogo kujificha nyuma yake. Na namna ya kujua tofauti ni nyepesi, Mfarisayo anapima kidogo cha jirani. Mimi leo sijakutuma ukakague mitungi ya mtu. Wa kwako.

Tena usitoke hapa ukawe mtu wa kugombana na kila kitu. Muangalie Danieli. Kijana, mateka, amepelekwa Babeli. Amebadilishwa jina akaitwa Belteshaza, hatusomi kwamba aligoma. Amepelekwa shule ya Wakaldayo miaka 3, akasoma, akafaulu. Akapewa kazi serikalini, akafanya. Lakini kwenye chakula cha mfalme, Biblia inasema aliazimu moyoni mwake. Aliazimu lini? Kabla sahani haijafika. Mtu anayesubiri sahani ifike ndo aanze kufikiri ameshachelewa, njaa itamfikiria. Alafu hakupiga kelele, aliomba kwa adabu, akaomba ajaribiwe siku 10. Mimi huwa nawaambia vijana, yule wa kwenye tundu la simba sura ya 6 alikuwa anajifunzia kwenye sahani sura ya 1.

Lakini najua hapa kuna watu ambao sahani ilishapita zamani. Mnasikiliza na mnasema sawa, mimi ganzi ilishaingia, sasa? Kwa hiyo turudi kwa Daudi, niliwaambia mshikeni.

Mungu alimtuma nabii Nathani. Na Nathani alikuwa na kesi ya mauaji mkononi, angeweza kuingia na jina la Uria. Hakuingia nalo. Aliingia na hadithi ya kitu kidogo, maskini mmoja alikuwa na mwana-kondoo mmoja jike, alikula chakula chake, alilala kifuani pake, tajiri akamchukua. Na Daudi akawaka hasira! Kondoo! Yule ambaye maiti ya rafiki yake haikumgusa, kondoo mmoja amemgusa, mana alikuwa mchungaji tangu utoto na ile sehemu ilikuwa bado ina uhai. Mungu aliijua. Akaingilia hapo hapo. Nathani akamwambia, wewe ndiwe mtu huyo. Daudi akasema nimemfanyia Bwana dhambi, na Nathani akamwambia Bwana ameiondoa dhambi yako. Hapo hapo. Madhara yalibaki, Biblia haifichi, mtoto alikufa na upanga haukuondoka nyumbani mwake. Lakini maumivu yalirudi, na tukapata Zaburi ya 51, Ee Mungu, uniumbie moyo safi. Angalia hakuomba arekebishiwe, aliomba aumbiwe.

Kwa hiyo kama wakati naongea kuna kitu kidogo kimekuchoma, hata kama ni cha kijinga, hela ya chenji uliyozidishiwa ukanyamaza, sifa ya kazi ambayo sio yako, meseji uliyoifuta kabla mwenzako hajaiona, naomba usikikimbilie kukituliza. Huyo ndo kondoo wako. Mshukuru Mungu kwamba bado panauma.

Siwaiti mbele leo. Naomba tukae kimya dakika tano, wanamuziki naomba msipige chochote. Toa simu yako, na kama kuna mtu wa kumwambia, mwandikie sasa hivi ukiwa umekaa hapo hapo kabla hatujafunga, kwa sababu ukifika nje utapata sababu. Yule ndugu aliyekataa kunisamehe siku ile sijawahi kumtafuta tena, nilijiambia nimeshafanya sehemu yangu. Namba yake bado ninayo. Naanza mimi.